Njia Mbili Katika Nyumba Moja

Kila asubuhi Mzee Angetile alikohoa mara tatu.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anabisha hodi. Alitoka kwenye nyumba yake ndogo karibu na mto, akapita katikati ya migomba, na kabla ya kufika uani kwa mwanawe Asheri, alisimama na kukohoa. Hosiana, mke wa Asheri, akisikia kikohozi hicho, aliacha kazi. Kama alikuwa anafagia, aliweka ufagio chini. Kama alikuwa anaanika kakao, aliiacha juani. Aliingia jikoni na kurudisha mlango. Ndipo mzee alipita, akaketi barazani, akasubiri uji. Uji aliupeleka Asheri.

Ilikuwa heshima ya Wanyakyusa tangu zamani. Mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Pale Mwaya, kijiji cha karibu na ziwa, familia nyingi zimeiacha. Familia hii haikuiacha. Hosiana aliolewa miaka tisa iliyopita, akamzaa Neema, na katika miaka hiyo hakukaa chumba kimoja na mzee hata siku moja. Hawakuwa na ugomvi. Mzee alimsifu mkamwana wake kwa kila mtu, isipokuwa kwa Hosiana mwenyewe.

Mwaka ule masika yalikuwa makali. Mto ulifurika. Ukuta mmoja wa nyumba ya mzee ulianguka, na Asheri akambeba baba yake mgongoni, maji yakiwa kiunoni. Magoti ya mzee hayakuweza tena kukimbia mto. Wakamtandikia kitanda kwenye banda la mpunga.

“Hawezi kurudi kule,” Asheri alimwambia mkewe. “Kakao imetupa kitu. Tujenge nyumba kubwa, tukae na baba.”

Hosiana alikubali mara moja.

Asheri akamwita Hezroni, fundi aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji.

“Ramani unaitafuta ya nini, kaka?” Hezroni akatoa simu. “Hii hapa. Iko Dodoma. Ona paa, limefichwa nyuma ya ukuta, huwezi kuliona. Watu watasimamisha baiskeli waitazame.”

Nyumba ya kwenye picha ilikuwa nyeupe na inang’aa. Asheri aliipenda. Siku ya tatu vigingi vilikuwa ardhini na kamba zimefungwa kuonyesha kila chumba.

Mzee Angetile akaja na mkongojo wake. Aliingia ndani ya kamba, akatembea polepole kama mtu aliyeshahamia.

“Hapa ni wapi?”

“Chumba chako, baba.”

“Na choo?”

“Kule, ng’ambo ya sebule.”

“Jiko?”

“Hapo hapo na sebule. Halina ukuta. Ndiyo mtindo wa sasa.”

Mzee alisimama katikati ya kamba, akapima kwa macho njia ya kutoka chumbani hadi chooni. Kisha akasema, “Ni nyumba nzuri. Mimi nisimamishieni ule ukuta wangu tu. Nitarudi mtoni.”

“Baba, mto utakuja tena.”

“Ukija utanikuta. Tunafahamiana.”

Asheri alirudi uani amekasirika. “Mzee mkaidi. Tunamjengea, anakataa.”

Hosiana alikuwa anapepeta mchele. “Baba Neema, akitaka kwenda chooni atapita wapi?”

“Sebuleni.”

“Nami nitakuwa wapi?”

“Jikoni.”

“Jikoni kusiko na ukuta. Akohoe mara ngapi kwa siku? Nami nikikimbia nijifiche wapi, chini ya meza?”

Hosiana akaweka ungo chini.

“Ukinunua ng’ombe unamzunguka mara tatu, unamfungua mdomo, unamhesabu meno. Nyumba ya kuzeekea unaichukua kwenye simu ya Hezroni? Mwalimu Yunis alijenga na msanifu majengo. Nyumba yake haivuji. Twende tukamuulize.”

“Wasanifu ni wa watu wa maghorofa.”

“Maghorofa hayana mto mlangoni. Sisi tunao.”

Mwalimu Yunis aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Aliwasikiliza, kisha akasema, “Hezroni ni fundi mzuri. Anajua kusimamisha ukuta. Msanifu majengo kazi yake ni kujua ukuta huo usimame wapi, na kwa nini. Ni kazi mbili.”

“Tutamjuaje aliye mzuri?” Asheri aliuliza.

“Kwanza awe amesajiliwa. Iko bodi ya wasanifu majengo, ina orodha ya majina, tutaitazama. Halafu mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoisanifu. Usimuulize mwenye nyumba kilicho kizuri, hicho utakiona mwenyewe. Muulize kilichoharibika, na msanifu alifanya nini.”

Msanifu wake alikuwa amestaafu, hivyo akawapa namba mbili alizopewa na watu, wazichunguze wenyewe. Asheri alipiga ya kwanza. Mtu yule aliuliza swali moja, “Vyumba vingapi?” Kisha akasema ramani itakuwa tayari kesho jioni. Hakuuliza kiwanja kiko wapi. Na jina lake halikuwa kwenye orodha ya bodi.

Namba ya pili ilikuwa ya mwanamke aitwaye Kisa, mwenye ofisi Mbeya. Yeye hakutaja ramani kabisa. “Kiwanja kiko mbali kiasi gani na mto? Maji yalifika wapi mwaka huu? Nani watakaa humo?” Asheri alijibu mpaka salio la simu likaisha. Jina la Kisa lilikuwa kwenye orodha.

Jumamosi walikwenda Matema kuona nyumba aliyoisanifu, chini ya milima, mahali ambapo mvua haina huruma. Mwenye nyumba alikuwa muuguzi. Asheri alimuuliza kama alivyofundishwa.

“Mvua ya kwanza kona ya jikoni ilivuja,” alisema muuguzi. “Nilimpigia dada Kisa. Alikuja na fundi, akapanda juu mwenyewe. Haijavuja tena.”

Njiani kurudi Hosiana alisema, “Huyo.”

Kisa alipofika Mwaya hakushika kalamu. Alitazama mstari wa tope ulioachwa na mafuriko kwenye kuta zilizobaki za nyumba ya mzee. Akaomba jembe, akachimba shimo la kina cha goti pale penye vigingi vya Hezroni. Maji yakajitokeza chini ya shimo.

“Hapa mngejenga ndani ya maji,” alisema. “Tusogee juu, nyuma ya ile migomba. Tuinue msingi kupita mstari wa tope. Na paa litokeze nje ya kuta, lionekane. Paa la kuficha linashika maji nyuma ya ukuta. Mfereji ukiziba na majani, maji yanaingia chumbani.”

Hezroni alikuwa amekunja mikono. “Mama msanifu, Dodoma mbona hawalalamiki?”

“Dodoma mvua inapita kusalimia, fundi. Hapa inahamia na mizigo.”

Hezroni alicheka bila kutaka.

Waliandikiana mkataba. Ndani yake kulikuwa na ramani ambazo Kisa angetoa, mara ambazo angekuja kukagua ujenzi, na malipo kwa hatua. Asheri alitaja fedha yote aliyonayo, bila kuficha. Kisa akasema, “Mkitaka kubadilisha kitu, badilisheni kwenye karatasi. Karatasi inafutika. Zege halifutiki.”

Kisha akauliza, “Niambieni mnavyoishi. Siku yenu inakwendaje?”

Asheri alitazama pembeni. Kisa alikuwa msomi. Asheri aliona haya kumweleza kwamba mke wake anajificha jikoni baba akikohoa. Aliogopa kuchekwa.

“Kawaida tu,” alisema. “Kama watu wote.”

Baada ya wiki mbili Kisa alirudi na mchoro wa kwanza. Msingi ulikuwa juu. Madirisha yalitazama upepo wa ziwa. Sebule ilikuwa katikati, na milango yote ilifunguka ndani yake.

Mzee Angetile aliutazama mchoro kwa muda mrefu. “Ndaga fijo, binti,” alishukuru. “Umefanya kazi. Mimi nitarudi mtoni.”

Kisa alimtazama mzee, kisha Asheri. “Kuna kitu sijaambiwa.”

Asheri alitazama miguu yake. Sauti ikatoka nyuma ya mlango wa jikoni. “Mwambie, baba Neema. Tunamlipa asikie.”

Basi akamwambia. Alieleza kikohozi, mlango wa jikoni, na miaka tisa. Kisa hakucheka.

“Bibi yangu wa Katumba Songwe aliishi hivyo,” alisema. “Nikadhani yameisha. Mimi nimekosa, ningeuliza zaidi. Wewe umekosa kusema ‘kawaida’. Nyumba haisanifiwi kwa ajili ya watu wote. Inasanifiwa kwa ajili yenu.”

Akaweka mchoro kwenye benchi karibu na mlango wa jikoni. Akaomba kakao kavu na mpunga. “Mama Neema, niambie unakopita tangu asubuhi. Nitaweka kakao. Mzee, njia zako weka mpunga mwenyewe.”

Hosiana alisema kutoka ndani. Chumbani, jikoni, kisimani, jikoni tena, uani kwenye kakao. Kisa aliweka punje moja moja. Mzee aliinama na kupanga mpunga wake. Kitandani, chooni, barazani, chooni tena, kwa sababu ya uzee. Kabla siku haijafika saa sita mchana, mpunga na kakao vilikuwa vimekutana mara kumi na moja.

Hezroni alichungulia. “Hiyo siyo nyumba, ni stendi ya mabasi.”

Hata mzee alicheka. Kisha akaacha kucheka, akasema huku macho yake yakiwa kwenye karatasi.

“Binti, mimi siukatai mji wa mwanangu. Sitaki mkamwana wangu awe mtu wa kukimbia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hapa uani ana pa kukimbilia. Ndani ya kuta hana. Mimi nimebakiza miaka michache. Mwenye nyumba ni yeye. Bora mto.”

Nyuma ya mlango Hosiana akasema taratibu, “Dada Kisa, mwambie baba sitaki akae mbali. Akianguka kule, nani atamsikia?”

Kisa hakuwa na haja ya kumwambia. Mzee alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

“Sasa nina kazi,” alisema Kisa, na akafuta mchoro.

Mchoro wa pili ulifanyika pale pale, Asheri akishika karatasi isipeperuke. Chumba cha mzee kilikwenda mwisho wa nyumba. Kilipata choo chake, mlango wake wa nje, na baraza yake inayotazama migomba. Jiko lilipata ukuta wake na mlango wa nyuma wa kwenda kisimani. Shimo la choo lilisogezwa mbali na kisima.

“Choo cha pili kitaongeza gharama,” alisema Kisa. “Fedha yenu naijua. Lazima kitu kimoja kitoke.”

Asheri alitazama nguzo mbili za urembo zilizochorwa mbele ya nyumba. Hizo ndizo alizozipenda kuliko vyote. “Toa nguzo,” alisema. “Na sebule ipunguze.”

Hosiana akaita kutoka ndani, “Chakula cha baba nitakipitishia wapi?”

Kisa alifikiri. Kati ya jiko na baraza ya mzee akachora kidirisha chenye rafu ya kuwekea sahani. Juu ya nafasi ya sahani aliweka vibao vilivyolazwa kwa kuinama, kimoja juu ya kingine. “Sauti itapita,” alisema. “Uso hautapita.”

Wakaweka mpunga na kakao upya. Havikukutana hata mara moja, isipokuwa kwenye kile kidirisha.

Halmashauri ilipotoa kibali, Hezroni alianza. Kisa alikuja kama mkataba ulivyosema. Safari moja alikuta ukuta wa jikoni hauna tundu.

“Nimekiziba kidirisha,” alisema Hezroni. “Ukuta mzima ni imara zaidi.”

Kisa alifungua ramani, akaweka kidole. “Fundi, unaona rafu hii? Mzee huyu amekubali kuhama mtoni kwa sababu yake.”

Hezroni alitazama ramani, akamtazama mzee aliyeketi kwenye rundo la matofali. Akachukua nyundo, akabomoa matofali tisa. Rafu aliipiga randa mara mbili, ingawa ramani haikumwambia.

Masika yaliyofuata mto ulifurika tena. Maji yalikuja mpaka ngazi ya pili, yakasimama, na siku ya tatu yakaondoka. Paa lilitoa maji nje, mbali na kuta. Mzee Angetile alikuwa barazani kwake, blanketi magotini, akitazama mahali ambapo nyumba yake ya zamani ilikuwa.

Kidirisha kilianza na sahani. Halafu kikaja na maneno. Hosiana aliuliza namna ya kuchagua mbegu ya mpunga. Mzee alimsimulia habari za marehemu mkewe, mambo ambayo Asheri mwenyewe hakuyajua. Siku nyingine Asheri akirudi kutoka kwenye kakao alisikia vicheko viwili, kimoja jikoni, kimoja barazani, na ukuta katikati.

Asubuhi moja mzee alikohoa mara tatu.

Hosiana alikuwa anakoroga uji. Mkono wake ulisimama, miguu ikataka kukimbia. Kisha akakumbuka kwamba ukuta uko katikati, hana sababu ya kukimbia. Akasogea kwenye kidirisha.

“Baba, unapita?”

“Nipite niende wapi? Niko kwangu.”

“Sasa kikohozi ni cha nini?”

“Ni mafua, mwanangu.”

Hosiana akaweka tangawizi kwenye maji ya moto, akaongeza asali, akasukuma kikombe mpaka ukingo wa rafu. Upande wa pili mkono wa mzee ukakipokea.