Nani Alishusha Bei ya Ngwe?

Msimu wa palizi, Anania halali sana. Jogoo wa jirani akiwika tu, yeye jembe begani, huyo kijiweni. Kijiwe chao kipo kando ya barabara, karibu na mashine ya kusaga, pembeni mwa mji wa Kibondo. Hapo vibarua huwasubiri wenye mashamba. Mkewe, Rosa, huwahi mapema kuliko yeye. Anauza uji na maandazi hapohapo. Watu wanakunywa, wanataniana, wanangoja kazi.

Kazi yenyewe ni ya ngwe. Ngwe ni kipande cha shamba kinachopimwa kwa kamba. Mwenye shamba anapima, mnapatana bei, unalima. Ukimaliza unalipwa, unakwenda zako. Msimu uliopita ngwe moja ya palizi ilikuwa shilingi elfu tano. Mtu ananunua unga, anabakiza na ya sabuni.

Asubuhi hiyo Mzee Dadi alikuja na pikipiki yake. Dadi ana mashamba makubwa ya mahindi, na maneno pia hayampungukii. Akazima pikipiki, akasema, "Leo ngwe elfu tatu."

Watu wakacheka. Walidhani anatania. Dadi hakucheka.

"Elfu tatu, mzee?" Anania aliuliza. "Hiyo si hata ya unga."

"Nifanyeje mimi, bwana Anania? Warundi wa darajani wanalima kwa elfu tatu, na asante wanatoa. Wewe ukitaka tano, endelea kuota jua."

Akawasha pikipiki, akaenda zake. Kijiwe kizima kikabaki mdomo wazi.

Hao wa darajani ni watu ambao wazazi wao walikuja zamani, wakikimbia vita Burundi. Wengi wao ni raia wa Tanzania sasa, wana karatasi zao na wanapiga kura. Lakini mtaani wataitwa Warundi mpaka wazeeke. Nao wana kijiwe chao, kule darajani, ng'ambo ya soko.

"Hawa ndio wanaotuua njaa," mmoja alisema.

"Twendeni tukawafukuze," mwingine akasema.

Anania hakuuliza swali hata moja. Alikuwa amewaza unga uliobaki nyumbani, na hasira ilikuwa imempanda mpaka kichwani. Wakaenda na mipini ya majembe, Rosa akiwa amekwenda kuchota maji. Watu wa darajani walipowaona wakatimua mbio. Akabaki kijana mmoja tu. Hakukimbia, kwa sababu hakujua anakimbia nini.

"Wa wapi wewe?"

"Natoka Munanila," kijana alijibu.

"Munanila ndiyo Burundi kwenyewe," mtu akasema nyuma.

Sasa tazama ujinga huo. Munanila ni Tanzania, ila iko karibu na mpaka. Lakini nani alikuwa na muda wa kufikiri? Anania akamsukuma yule kijana kwa nguvu. Kijana akaangukia jembe lake mwenyewe, akachanika juu ya jicho. Damu ikamtoka. Anania aliiona, akageuza uso, akaondoka na wenzake.

Mchana alirudi nyumbani. Uani alimkuta Rosa amechuchumaa na beseni la maji, anamwosha mtu uso.

"Njoo umsalimie mgeni," Rosa alisema. "Huyu ni Stanislaus, mtoto wa dada yangu. Mara ya mwisho ulimwona anatambaa. Kaja kutafuta kibarua, watu wakamvamia njiani, kabla hata hajanifikia."

Kijana akainua uso. Anania akashika ukuta.

"Shikamoo, baba mdogo," Stanislaus alisema taratibu.



Rosa akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kwani mmeshaonana?"

"Tumeonana," Stanislaus alisema. "Darajani."

Rosa aliweka kitambaa chini. "Anania, umempasua mtoto wa dada yangu?"

"Sikujua. Nilidhani ni Mrundi."

"Na angekuwa Mrundi, ndiyo apasuliwe?"

Anania akakaa kwenye kigoda. Aibu ilimkaba hasa. Baadaye akamwomba kijana radhi. Stanislaus akaitikia, lakini hakumtazama.

"Kwa nini umeacha kwenu, baba?" Rosa alimuuliza.

"Bei ya ngwe imeanguka, mama mdogo. Tano imekuwa tatu."

Anania akashtuka. "Kumbe na kwenu Warundi wamewaharibia?"

"Kwetu Warundi wanavuka kuja kulima tangu sijazaliwa," Stanislaus alisema. "Miaka yote hiyo bei ilikuwa nzuri tu. Imeanguka msimu huu."

Maneno hayo hayakumkaa Anania vizuri. Kama watu ni walewale wa miaka yote, bei imeanguka msimu huu kwa nini? Hata hivyo akajipa moyo. Darajani sasa ni kweupe, hakuna mtu. Dadi atarudi tu, na atalipa tano.

Asubuhi iliyofuata Dadi alirudi kweli. "Elfu tatu," alisema, "na leo nataka watu wawili tu."

Wawili? Msimu uliopita alikuwa anabeba kijiwe kizima. Anania aliduwaa. Jioni yake Rosa naye akarudi na sufuria ya uji nusu.

"Uji umekuwaje?"

"Wanywaji wangu wazuri ni nani? Si watu wa darajani wanaopita hapa asubuhi? Umewafukuza, sasa unywe wewe."

Kesho yake Rosa akamshika mkono, wakaenda dukani kwa Asmahani. Asmahani anauza pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za mashambani. Ni mtu wa Kasulu, mwana wa wafanyabiashara, na kila asubuhi hununua maandazi ya Rosa. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha galoni moja kutoka rafuni.

"Shemeji, hii unaijua?"

"Siijui."

"Ni dawa ya kuua magugu. Zamani nilikuwa nauza kidogo sana. Msimu huu kila nikileta, inakwisha. Mtu mmoja anavaa bomba mgongoni, anapuliza. Shamba ambalo kijiwe chenu mngelilima siku nyingi, yeye asubuhi moja amemaliza."

Anania aliitazama ile galoni kama nyoka. "Na Mzee Dadi ananunua?"

"Hakuna anayenunua kumshinda."

Anania akatafuta pa kukaa. Akakaa juu ya mfuko wa mbolea.

"Kwa hiyo Warundi hawahusiki hata kidogo?" aliuliza.

"Sijasema hivyo, nisikudanganye. Wakija watu wengi kwa mpigo, wote wanatafuta kazi ileile moja, bei ya kazi hiyo inaweza kushuka. Hilo lipo. Lakini watu hao hao wanakula, wanapanga nyumba, wanakunywa uji wa Rosa hapa. Mmoja anapungukiwa, mwingine anapata. Ndiyo maana huwezi kusema tu 'wageni wameshusha bei' ukaishia hapo. Lazima uangalie ni kazi gani, ni lini, na kuna nini kingine kilichobadilika."

"Na wewe nitajuaje kama husemi uongo?"

Rosa akamkanyaga mguu, lakini Asmahani akatabasamu. "Hilo ndilo swali zuri. Mimi ni muuza dawa, nina biashara yangu. Usiniamini hivihivi. Kaulize mahali ambako hakuna Mrundi hata mmoja. Kama huko bei haijashuka, mimi ni mwongo."

Anania ana dada yake, Kezia, ameolewa kijiji kimoja huko Kakonko. Akampigia simu palepale.

"Wageni?" Kezia alisema. "Huku hatuna mgeni, kaka. Sote ni Waha, tunajuana hadi mababu. Ngwe ni elfu tatu, na kuipata ni bahati. Mahindi yote yamepigwa dawa."

Anania akakata simu. 

"Nani alikuambia watu wa darajani wanalima kwa elfu tatu?" Asmahani aliuliza.

"Dadi."

"Na anayelipa ni nani?"

"Dadi."

"Wenyewe uliwauliza?"

Anania akatikisa kichwa. Aliwapiga watu bila kuwauliza neno moja.

Jioni hiyo alikwenda kwa Niyubahwe, ambaye ndiye mkubwa wa kijiwe cha darajani. Stanislaus alikubali kumsindikiza. Niyubahwe aliwapokea akiwa amesimama mlangoni, hakuwaambia karibu.

"Mmekuja kumalizia?"

"Nimekuja kuomba msamaha," Anania alisema. "Tena nina swali. Kwa nini mlikubali elfu tatu?"

Niyubahwe alimkodolea macho. "Nani alikubali? Sisi tulishikilia tano. Dadi ndiye alituambia Waha wa mashineni mmekubali tatu. Tulikuwa tunawalaani nyie."

Anania alihisi kama amepigwa kofi. Mtu mmoja, uongo mmoja, ameugawa pande mbili, na wao wameuchukua mzima mzima bila kuutazama. Stanislaus akaguna. Niyubahwe naye akashika kichwa. Halafu akavuta mkeka. "Kaeni," alisema.

Walizungumza mpaka jua likazama. Niyubahwe ndiye aliyekumbuka jambo moja la maana. Dawa hiyo inabakiza mahindi tu. Ukiipuliza penye mahindi na maharage pamoja, maharage yanakufa na magugu. Na Dadi ana shamba kubwa la mchanganyiko. Huko lazima apate majembe. Wakakubaliana: bei ni moja kwa vijiwe vyote viwili, na mtu akisikia habari ya wenzake, akawaulize kwanza.

Magugu yalipozidi kwenye maharage, Dadi alikuja kijiweni.

"Elfu tatu," alisema. "Msipotaka, wenzenu wa darajani wamekubali."

Niyubahwe akainuka kwenye benchi la Rosa, kikombe cha uji mkononi. "Wa darajani ni sisi, mzee. Bado hujatuuliza."

Dadi akamtazama, akamtazama Anania aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega. Wakapatana elfu tano kwa shamba la maharage.

Tusidanganyane, msimu ule haukurudi kama wa zamani. Kwenye mahindi matupu dawa ilibaki, na kazi huko zilipungua. Wengine walijifunza kupuliza dawa, wakiwa wamejifunika mdomo na mikono kama Asmahani alivyowaelekeza. Lakini uji wa Rosa uliisha kila siku, na pale darajani hakuna aliyekimbia tena.

Siku ya kwanza shambani, Dadi alikuwa anapima ngwe kwa kamba. Akafika kwa Stanislaus, akaona kovu bichi juu ya jicho.

"Kijana, nani alikupiga hivi?"

Stanislaus akageuka kumtazama Anania. Anania akaacha kulima, akanyoosha mgongo.

"Nilimpiga mimi," alisema. "Kwa sababu nilikuamini wewe."