Fimbo Iliyobaki Ukingoni

Siku hiyo Bertilla, jirani yetu wa njia ya kwenda Mwazye, alikuwa anapura maharage uani wakati mumewe Zenon alipotoka kumfuata maksai aliyevukia kisiwani. Ni kile kipande cha ardhi katikati ya mto, ambako zamani wenye ugomvi walikwenda kumalizana wawili wawili. Kila mmoja alichomeka fimbo yake ukingoni, na aliyerudi aling'oa yake. Ya mwenzake haikuguswa, maana ndiyo njia yake ya kurudi. Zenon, mtu wa mizaha, alichomeka ya kwake huku akicheka, wanawake waliokuwa wakifua wakimwona.

Mchana alirudi na maksai. Mnyama alikuwa akitetemeka, hataki kumkaribia. Zenon alimwamkia mama yake, akaketi, akala ugali wake wa ulezi, hakumtania mtu. Kisha akamwagiza mkewe akaing'oe ile fimbo, ailete iwe kuni.

Bertilla akaona hapa kuna jambo. Fimbo ambayo Zenon aliachiwa na marehemu baba yake, leo iwe kuni?

Mama mkwe wake, Epifania, akamfuata nyuma ya kihenge, akamshika mkono.

"Mwanangu, aliyerudi huing'oa mwenyewe," alinong'ona. "Mwenye ile bado yuko kule."

Bertilla alishuka mtoni jua likiwaka. Fimbo ilikuwepo. Kwenye tope, nyayo za Zenon ziliingia majini. Za maksai zilitoka. Za mtu hazikutoka.

Akamwita mumewe kwa sauti ndogo. "Baba Kelvin."

Ndani ya matete ya kisiwani mtu akakohoa. Kikohozi kile Bertilla alikuwa amelala nacho miaka yote ya ndoa.

"Nipo," sauti ikaitika, imechoka.

"Unamwita nani, mama Kelvin?"

Yule mwanamume aliyerudi na maksai alikuwa nyuma yake. Bertilla hakuwa amesikia hatua.

Aliogopa. Lakini alimpenda mumewe, na mapenzi hayo ndiyo yaliyompa ulimi.

"Fimbo ni yako. Ing'oe mwenyewe."

Mkono ukanyooka. Ukasita. Ukarudi. Akatabasamu, akasema haina haraka.

Wanaishi naye hadi leo. Analima, anakwenda kanisani, hatanii mtu. Bertilla analala jikoni na mama mkwe. Na kila asubuhi akishuka kuchota maji, anaikuta fimbo imesimama palepale, ina alama za vidole vyenye tope upande unaotazama kisiwani, tope lake bado linachuruzika.