Arobaini ya Samaki Saba

Kifufuaji kilikaa juu ya meza ya chakula, hakizidi ukubwa wa birika, kikiamsha mayai ya samaki yaliyogandishwa miaka sitini nyuma. Kikishawashwa hakisimamishwi, kwa maana yai lililoanza kuamka haligandi mara ya pili. Siku ya tatu kingetema samaki wa ukubwa wa ukucha, na hao wangehitaji bahari. Bahari ya Tanga ilikuwa imegeuka tindikali tangu kabla Riziki Kihiyo hajazaliwa.

Riziki, fundi wa mitambo ya kupoza hewa, alijitengenezea bahari ya lita mia mbili katika tangi la kioo sebuleni, ghorofa ya thelathini. Hakufundishwa na mtu. Alisoma, akakosea, akasoma tena. Alikoroga chumvi, akapanga mawe, akafunga sponji la kuchujia, kisha akatumbukiza kipande cha uduvi kioze. Uozo ule ulitoa amonia, sumu kwa samaki. Polepole bakteria wakaota kwenye mawe na sponji: kundi moja likala amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili likaigeuza nitriti kuwa nitrati isiyodhuru sana. Kazi yake Riziki ilikuwa kupima na kungoja.

Mamdogo wake, Bi. Mwanahawa, ndiye aliyeishiwa subira. Katika jengo zima ni yeye tu aliyewahi kumwona samaki hai, akiwa mtoto, na macho yake yalikuwa yakififia. Kila asubuhi aliuliza tangi linangoja nini. Riziki, ili amtulize, alimwambia ni kama mzazi na kichanga chake: mpaka arobaini ipite.

Siku ya thelathini na nane vipimo vilionyesha amonia sifuri, nitriti sifuri. Riziki akawasha kifufuaji, akaweka mayai yote saba. Hifadhi ya mbegu iliyompa mayai hayo ilikuwa imemwandikia kwamba hayakubaki mengine. Siku ya arobaini na moja akawaachia samaki tangini. Hakupima tena, vipimo vya mwisho vilikuwa vizuri.

Siku tatu baadaye samaki walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi. Alichovya karatasi ya kupimia, ikageuka kijani kibichi, rangi ya amonia nyingi. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mamdogo, haya mawe uliyagusa?"

"Kuyagusa tu? Niliyaosha, siku moja kabla hujawatia samaki, ulipokwenda kazini. Si arobaini ilikuwa imefika? Mtoto anatolewa nje na uchafu wa uzazi? Na lile sponji lako, mwanangu, jirani alidhani tumefia humu ndani."

Alikuwa ametumia maji ya bomba, yale ya mji yenye klorini kali ya kuua bakteria. Mawe na sponji akavianika roshani, jua likamalizia waliobaki hai, akavirudisha kila kimoja mahali pake. Alieleza yote hayo kwa fahari, akaongeza kuwa mawe yalitakata mpaka akayaona kwa macho yake haya.

 Riziki ndiye aliyempa neno lile la arobaini, na hakumweleza lolote zaidi. Alibadilisha ndoo mbili za maji, chumvi iliyobaki haikutosha zaidi. Amonia ikashuka kidogo, na jioni ikapanda tena. Bakteria wapya wangehitaji siku arobaini nyingine.

Asubuhi walibaki wawili. Wale watano waliokufa Riziki alikuwa amewatoa kabla mamdogo hajaamka. Bi. Mwanahawa alivuta kiti, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Wengine wako wapi?"

"Nyuma ya mawe."

"Wana haya, watazoea. Lakini hawa wawili, watazame, kila nikija wanapanda juu kuniangalia. Wamenijua, Riziki."

Samaki mmoja alivuta maji, akainama ubavu, akajinyoosha tena.

"Wamekujua, mamdogo," Riziki alisema, akamwekea mto mgongoni ili akae vizuri, kwa kuwa hakukuwa na muda mrefu wa kutazama.