Mayai Yenye Joto

Kwiii! Komeo la mlango wa nyuma lililia kabla hakujapambazuka. Bibi alikuwa akitoka kuwasha jiko. Alilivuta komeo polepole ili asimwamshe mjukuu wake, lakini mjukuu alikuwa macho zamani. Alijifunika shuka hadi kichwani, maana alijua akionekana tu atatumwa.

Nyumbani walimwita Chapuchapu. Alifagia chapuchapu, akaosha vyombo chapuchapu, kisha huyoo, kuruka kamba na wenzake. Shule zilikuwa zimefungwa na siku zilimtosha kwa michezo.

Kuku wa Bibi walitaga popote walipojisikia: nyuma ya rundo la mbao, ndani ya karai, na siku moja ndani ya kiatu cha Mjomba. Mjomba alikuwa seremala. Siku hiyo alipotia mguu na kusikia kitu kikipasuka, hakugomba. Jioni alirudi na masanduku matatu ya kutagia, yamepigwa randa hadi yakawa laini, na mbele yana kizingiti kidogo ili mayai yasibingirike.

"Kazi yangu imekwisha," alimwambia Chapuchapu. "Sasa ni zamu yako."

Bibi alimweleza kazi yake taratibu. Atandike nyasi kavu. Aning'inize kipande cha gunia mbele, kwa kuwa kuku hupenda kutaga penye kigiza. Aweke jiwe jeupe la mviringo katika kila sanduku, ili kuku adhani mwenzake ametangulia kutaga. Azibe upenyo wa nyuma ya mbao. Na asubuhi asiwafungulie kuku banda mpaka wawe wametaga.

Chapuchapu alitandika nyasi kiganja kimoja, akaweka jiwe moja, akasikia wenzake wakimwita. Gunia likabaki sakafuni. Asubuhi kuku walipopiga kelele mlangoni, aliwafungulia mapema ili naye aondoke.

Kila jioni Mjomba alipokung'uta vumbi la mbao kwenye fulana aliuliza, "Wapangaji wangu wamehamia?"

"Bado, Mjomba."

"Basi wanalalamikia kodi!"

Wote walicheka isipokuwa Chapuchapu. Yeye aliijua sababu, na alianza kuona aibu kulisema lile neno "bado".

Asubuhi moja alichungulia nyuma ya mbao. Kuku mmoja mwenye shingo tupu alikuwa amejilaza humo, manyoya yametutumka. Chapuchapu alipenyeza mkono, akadonolewa, akamsukuma pembeni. Chini yake kulikuwa na mayai, na yote yalikuwa na joto.

"Yametagwa sasa hivi," alijisemea. Akayabeba kwenye sketi mpaka bandani, akayapanga ndani ya sanduku.

"Bibi! Njoo uone! Wamehamia!"

Bibi alifurahi hadi akapiga makofi. Jioni Mjomba aliyapapasa masanduku yake kama mtu anayembembeleza mtoto, na kesho yake akajisifu karakana nzima. Chapuchapu alitabasamu, kisha akatazama pembeni.

Bibi aliyapeleka mayai yale kwa jirani yao, Mama Pacha, aliyekuwa amejifungua watoto wawili na bado hajapata nguvu. Siku chache baadaye alimchukua Chapuchapu wakaenda kumjulia hali. Mama Pacha alikuwa ameketi kitandani, pacha mmoja kifuani, mwingine amelala ubavuni. Baada ya salamu alisita kidogo.

"Mama, sikutaka kusema. Yai nililopasua jana lilikuwa na kifaranga kilichoanza kuumbika. Labda ni mimi niliyechelewa kulipika."

Bibi alishika kinywa. "Si wewe, mwanangu. Ni mimi. Macho yangu yamezeeka, nimekuchanganyia mayai. Mzazi hata hajapata nguvu, namletea kitu kama hicho! Nisamehe sana. Sitagawa tena yai kwa mtu."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

Chapuchapu alihisi masikio yakiwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Si macho yako, Bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Mayai hayakutagwa sandukuni. Niliyatoa nyuma ya mbao, chini ya kuku mwenye shingo tupu. Yalikuwa na joto, nikadhani yametagwa sasa hivi."

"Yalikuwa na joto kwa sababu mama yao alikuwa anayaatamia," Bibi alisema.

Mama Pacha aligeukia upande wa pili, akaanza kukunja nguo za watoto ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa, ili Chapuchapu alie bila kutazamwa.

Jioni Chapuchapu alimsubiri Mjomba mlangoni. Hakungoja aulizwe. "Wapangaji wako hawajahamia, Mjomba. Nilikudanganya."

Mjomba alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Na mimi nimeshawatangazia wenzangu wote," alisema. "Haya. Kesho nitawaambia bado." Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Chapuchapu kuliko kofi.

Tangu siku hiyo aliamka pamoja na Bibi. Alijaza nyasi, akaning'iniza magunia, akaweka mawe, akaziba upenyo. Kuku walimfokea mlangoni mwa banda, naye akavumilia. Walichungulia masanduku, wakaondoka. Wakachungulia tena.

"Usiwaharakishe," Bibi alimnong'oneza. "Kuku hajui jina lako."

Hatimaye kuku mweusi aliingia, akazunguka, akachakura nyasi, akatulia. Alipotoka alitetea kwa kelele, utadhani yeye ndiye wa kwanza kutaga duniani. Bibi aliliinua yai kuelekea jua kuona kama ndani hamna kifaranga, kisha akampa mjukuu wake naye alitazame.

"Ulitaka tufurahi," Bibi alisema. "Lakini uongo wako haukukaa kwako peke yako. Ulimfanya mjomba wako ajisifu bure. Ulinifanya nisiyaamini macho yangu. Na kuku yule umemnyima watoto. Ungesema, 'Bado, kwa sababu sikutandika,' tungecheka, kisha tungetandika pamoja."

"Nimekosa, Bibi."

"Najua. Ndiyo maana nakupa kazi ya kumpelekea Mama Pacha mayai."

Mayai yalipotosha, Chapuchapu aliyabeba kwa Mama Pacha. Alisimama mlangoni, macho chini. "Nimeyatazama yote kwenye jua, moja moja. Ukitaka nitayapasua mimi."

Mama Pacha alichukua yai la juu. Hakuliinua kwenye mwanga. Alilipasua palepale juu ya kikaango, akacheka. "Sasa nishikie mtoto, mimi nipike."

Chapuchapu alimpokea pacha mdogo kwa mikono miwili, taratibu kuliko alivyowahi kushika kitu chochote. Alipoaga, Mama Pacha alimsindikiza hadi mlangoni.

"Kesho uje tena," alimwambia. "Hata kama hawajataga, wewe uje tu."