Mtani Alilala Kaburini, Mimi Nimefungiwa Chumba cha Ujiji

Krak!

Ufunguo ulizungushwa kutoka nje. Nikarukia mlango, nikavuta kitasa kwa mikono miwili. Wapi!

"Kaka Adriano! Fungua!"

Nikagonga kwa ngumi.

"Adriano, leo tunamzika baba! Fungua mlango!"

"Ndiyo maana nimefunga," akajibu kutoka upande wa pili, taratibu kabisa. "Tukirudi nitakufungulia."

Nyie watu! Kaka yangu wa tumbo moja!

Simu yangu alikuwa nayo yeye. Muda mfupi kabla ya hapo alikuja na uso wa huzuni, akasema, "Nipe simu yako nimpigie katekista, yangu imezima." Nikampa kama zuzu.

Huko getini nikasikia kwaya inaanza, halafu gari linawashwa. Baba yangu anaondoka bila mimi.

Nikashika nondo za dirisha, nikapiga kelele. Mgeni mmoja alikuwa bustanini anakunywa kahawa. Akainua macho, akaniangalia, akavaa hedifoni zake.

Ngoja niwaeleze nilifikaje humo, maana hasira zinaweza kunifanya niruke mambo.

Naitwa Levina. Naishi Mwanza, kazi yangu ni kupika kwenye shughuli za watu. Kwetu ni Tabora, mtaa mmoja umetulia, nyumba ya zamani yenye kuta nene na mlango wa nakshi. Baba yetu, Mzee Justus, alikuwa fundi wa reli.

Alipostaafu, Adriano akamwomba nyumba aigeuze hoteli. Siyo gesti, jamani. Hoteli ndogo ya kishua, vyumba sita, mashuka meupe, na kila chumba kimepewa jina la mji wa njia ya misafara. Kuna Bagamoyo, kuna Mpwapwa, kuna Ujiji...

Baba alikubali kwa sharti moja tu.

"Pale kwa mama yenu msiguse."

Mama amezikwa uani, tangu mtaa ule haujajaa nyumba. Kichwani kwake nilipanda mkomamanga kwa mikono yangu. Na baba alikuwa akisema kila mara, "Mimi mnilaze kulia kwake."

Mwaka jana miguu ya baba ikagoma. Nikamchukua Mwanza nimuuguze. Kafia mikononi mwangu, na neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa hilo hilo. Kulia kwa mama.

Basi nikaja na mwili wake. Tumefika Tabora alasiri, nakuta turubai la msiba limefungwa nje ya geti!

"Kwa nini baba asiingie ndani?" nikamuuliza Adriano.

"Nina wageni ndani, Levina. Wamelipia utulivu."

Jeneza la mwenye nyumba likakaa barabarani.

Mlangoni nikapokewa na wifi yangu Pelagia. Huyu mwanamke hajawahi kunipenda, na mimi sijawahi kumlilia anipende.

"Pole na safari," akasema, macho yako kwenye miguu yangu. "Futa viatu. Usinichafulie marumaru."

"Baba mkwe wako yuko nje kwenye jeneza, wewe unawaza marumaru?"

Akamgeukia mumewe.

"Mpe Ujiji."

"Ujiji? Mpe cha mbele, Bagamoyo."

"Nimesema Ujiji. Bagamoyo kuna mtu."

Ujiji ndicho kilikuwa chumba changu cha utotoni. Dirisha lake linatazama uani. Nilikuta pazia zito na nje giza limeanza, sikuona kitu. Nikataka kwenda nyuma nimsalimie mama.

"Mafundi wanamwekea marumaru, wamefunga njia," Adriano akanizuia. "Utaona kesho."

"Na kaburi la baba?"

"Limeshachimbwa. Kila kitu tayari, mdogo wangu."

Nikamwamini. Ni kaka yangu, kwa nini nisimwamini?

Jioni ile msibani akatokea Mzee Rashidi. Mzaramo, walifanya kazi reli moja na baba, na kama mnavyojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Msibani kwetu mtani hafukuzwi, wala hakasirikiwi. Akikutukana unacheka. Akikuchukulia kitu unakikomboa. Ukinuna, aibu ni yako.

Alikuwa amevaa koti la baba ndani nje, anatembea kwa kuchechemea kama yeye. Watu hoi!

"Nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu Pwani, wakala maembe yetu, wakaondoka bila hata asante!"

"Uongo! Yalikuwa mabichi!" shangazi mmoja akamjibu.

"Na huyu je?" Akamnyooshea fimbo Adriano. "Huyu kiboko! Kamtandikia mama yake majani ya plastiki, halafu anamnywea chai kifuani!"

Turubai zima likacheka. Adriano akacheka kuliko wote.

Na mimi nikacheka! Nikagonga mikono na shangazi, machozi yananitoka. Utani si ndio huo? Mtu mmoja tu hakucheka. Pelagia. Alisimama na sinia la vikombe, kanikazia macho. Nikasema moyoni, huyu hata kucheka na watani hawezi.

Asubuhi nikafungua pazia.

Uani palikuwa pazuri, siwadanganyi. Majani ya plastiki ya kijani, viti vyeupe, meza ya duara. Sikuona mafundi wala njia iliyofungwa. Nikatoka, mhudumu akaniletea chai na asali ya Sikonge, nikakaa.

Nikainua macho. Juu yangu kuna mti mdogo umekatwa duara, umezungushiwa taa za mapambo. Kwenye tawi kuna komamanga moja, changa...

Mkomamanga.

Kikombe kikanitoka mkononi.

Nikapiga magoti, nikashika ukingo wa yale majani, nikavuta kwa nguvu zote. Chini yake, saruji. Ile saruji niliyoimwagia maji mwenyewe siku tatu ikomae. Msalaba ulikuwa umevunjwa, na mguu wa meza umesimama pale pale ulipokuwa.

Nilikuwa nakunywa chai juu ya mama yangu!

"ADRIANOOO!"

Akaja mbio, kashika funguo.

"Punguza sauti, wageni wamelala!"

"Umemfanya nini mama?"

"Sijamfanya kitu. Yupo hapo hapo. Kalala pazuri kuliko wenzake wote."

"Na baba analazwa wapi? Juu ya meza?"

Akaangalia pembeni.

"Baba anakwenda makaburi ya mjini. Nimewaambia wazee alibadili mawazo, alinipigia simu."

"Muongo! Alikuwa kwangu! Simu hata kuishika alikuwa hawezi!"

"Levina, nani atalala kwenye hoteli yenye makaburi mawili dirishani? Nimehangaika na hii kitu. Wewe unakuja na kurudi kwenye masufuria yako. Kaoge, tuongee na wazee vizuri. Sawa?"

Nikaingia ndani kuvaa nguo nyeusi, nikijua naenda kusema mbele ya ukoo mzima. Akaja na habari ya simu kuzima. Halafu... krak!

Na waombolezaji aliwaambia nini? Eti presha imenipanda, nimechomwa sindano, nimelala. Shangazi zangu wakanihurumia, wakapanda gari.

Nililia mpaka nikachoka. Nikakaa sakafuni, nimeegemea mlango, nahesabu kwamba sasa wamefika, sasa wanamshusha. Mpaka nikasikia ufunguo.

Pelagia, kashika ufunguo wa akiba.

"Inuka," akasema.

Nikainuka nimekunja ngumi. "Umekuja kuniangalia ninavyolia?"

"Nimekuja kukuchukua. Mtani kaingia kaburini, kagoma kutoka."

"Nini?"

"Mzee Rashidi. Kashuka na mkeka, kalala. Wamempa hela, kazirusha. Wamempa jogoo, kamkataa. Anasema anakutaka wewe. Boda ipo nje, panda kabla sijabadili mawazo."

Tukapanda mishikaki, mimi katikati, wifi nyuma.

Makaburini watu walikuwa wamezunguka shimo wanacheka. Jeneza liko kwenye kamba. Mle chini Mzee Rashidi kajilaza chali, kofia usoni, mkono chini ya kichwa.

"Mzee, basi, utani umetosha," Adriano anambembeleza, jasho linamtiririka. "Toka tumzike baba."

"Chumba kizuri hiki," sauti ikatoka shimoni. "Hiki mmekiitaje? Nimeshajisajili, hamnitoi!"

Kicheko!

Wazee wamebana midomo. Hakuna wa kumvuta, maana mtani havutwi. Nikasogea mpaka ukingoni.

"Shikamoo, Mzee Rashidi."

Akaondoa kofia usoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Yule mzee alikuwa analia mle ndani, chini ya kofia, huku anawachekesha watu.

"Marahaba, mwanangu. Si tumeambiwa umechomwa sindano?"

"Nilifungiwa mlango, mzee. Kwa ufunguo."

Kicheko kikakatika.

"Nani kakufungia?" akauliza baba mdogo Wenceslaus, ndiye mkubwa wa ukoo sasa.

"Muulizeni mwenye funguo."

Ukoo mzima ukamgeukia Adriano. Bado fungu la funguo za hoteli linaning'inia kwenye mkanda wake, linalia kila akihema.

Nikasema yote. Mama, meza, majani, msalaba, simu ya uongo. Nilisema kwa kupayuka, sikujali katekista wala kwaya.

"Jana niliwaambia," Mzee Rashidi akadakia kutoka shimoni. "Mkanichekea. Sasa sikilizeni, nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za tembo kutoka hapa mpaka baharini, kwa mabega! Leo mnashindwa kumbeba mzee mmoja mpaka kwa mkewe?"

Hakuna aliyecheka.

Baba mdogo akavua koti lake, akalikunja.

"Adriano, baba alikupigia simu?"

"Baba mdogo, mimi nilikuwa natafuta..."

"Alikupigia, hakukupigia?"

Adriano akainamisha kichwa.

"Vijana, nyanyueni jeneza," baba mdogo akasema. "Gari liacheni. Tunambeba."

Jamani, Tabora ilisimama siku hiyo! Jeneza begani, kwaya nyuma, Mzee Rashidi mbele na mkeka wake kwapani. Tulipita geti, tukapita marumaru na vumbi letu lote, tukatokea bustanini. Yule mgeni wa hedifoni alikuwa bado yupo. Safari hii alizivua mwenyewe.

Vijana wakabeba meza, wakakunja majani ya plastiki, wakachimba. Adriano alisimama kwenye korido anawaangalia, hakushika jembe.

"Mmeniua," akasema. "Nani atalala hapa sasa?"

Baba akalazwa kulia kwa mama, jua likiwa bado lipo.

Watu walipotawanyika nikamfuata Pelagia jikoni. Alikuwa anaosha vikombe.

"Mzee Rashidi alijuaje nimefungiwa?" nikamuuliza.

"Nilimwambia mimi."

Nikafunga bomba nimsikie vizuri.

"Na ile habari ya chai, jana usiku?"

"Ni mimi pia. Wewe ulidhani Mzaramo wa watu kaota? Mimi ni mke. Nikisimama mbele ya ukoo nikamvua nguo mume wangu, nalala wapi? Mtani anaruhusiwa. Nikampa maneno, akayasema mbele yako. Na wewe ukafanya nini?"

"Nikacheka..."

"Ukagonga na mikono! Nikakupa chumba chenye dirisha la uani, hata pazia hukufungua, ukalala. Nilitaka kukutandika na sinia."

Nikamsogelea nimkumbatie. Akaweka kikombe kati yetu.

"Acha. Mzee Justus alinisimamia siku ndugu zenu walipotaka nifukuzwe humu kwa kuchelewa kuzaa. Nimelipa fadhila yake. Wewe bado sikupendi, Levina. Na viatu vyako bado vina vumbi."

Hiyo ndiyo familia yangu.

Nilichojifunza ni hiki, mkichukue. Mtani akikuambia jambo msibani, cheka, ni haki yake. Ukimaliza kucheka, inuka ukaangalie. Mimi nilicheka usiku ule nikitajiwa kaburi la mama yangu. Na yule niliyekuwa namwita adui ndiye alikuwa peke yake anayenionyesha lilipo.

Adriano hatusalimiani mpaka leo. Hoteli ipo, wageni wapo, wengine huweka maua wenyewe.

Na kila Jumamosi natumiwa picha moja kwenye simu. Makaburi mawili yamefagiliwa, mkomamanga umemwagiliwa. Anatuma wifi. Hajawahi kuandika hata "habari".

Na mimi sijawahi kukosa kuifungua.