Mbegu Haipendi Kuchunguliwa

Mume wangu ni fundi wa vitasa. Kutwa anasikiliza habari za milango iliyovunjwa, na jioni anarudi nyumbani hamwamini hata paka. Chumvi ikipungua, anauliza nani aliingia jikoni.

Uani kwetu kulikuwa na mchampaka, mti wa maua ya njano yanayonukia, wenye majani mabichi mwaka mzima. Mama mkwe aliupanda zamani, akiwa bi harusi. Sasa macho yake yamefifia, na akitoka kuota jua hufuata harufu ile mpaka kwenye kiti chake. Lakini mizizi ilipasua ukuta. Mwashi alikuja, akatazama, akasema, "Mti au nyumba. Chagueni."

"Basi nipatieni mtoto wake," mama mkwe akatuambia. "Nikiukosa huo, nitajuaje kwamba niko kwangu?"

Mume wangu akaokota mbegu. Akazianika juani kama maharage, akazifungia kabatini mwezi mzima, ndipo akazipanda makoponi. Kila baada ya siku mbili alizifukua aone kama bado zipo. Haikuota hata moja.

"Kuna mkono wa mtu hapa," akasema. "Yule Mama Miche alichungulia uani kwetu juzi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Jirani ndiye nguo yako?" nikamuuliza.

Mama Miche ni jirani yetu, anauza miche. Nilimwita mwenyewe. Alichukua mbegu moja koponi, akaipasua kwa ukucha. Ndani ilikuwa nyeusi.

"Shemeji, hii ilikufa kabla hujaipanda. Mbegu ya mchampaka haianikwi. Hupandwa mbichi."

Mtini yalibaki matunda machache. Tukayachuma, tukatoa mbegu zilizofunikwa na nyama nyekundu.

"Nyama hii huzuia mbegu kuota," akasema. "Loweka siku moja, kisha uisugue itoke yote."

Mume wangu akamkazia macho. "Na wewe kwa nini unatufundisha bure?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwa sababu mti huo hunukia mpaka chumbani kwangu," Mama Miche akajibu. "Ulidhani harufu inaishia kwenye ua wako?"

Kesho yake tulitoboa makopo chini ili maji yasituame. Tukachanganya udongo, mchanga na mbolea iliyooza. Tukafukia kila mbegu kina cha ukucha mmoja, tukaweka makopo kivulini.

"Udongo uwe na unyevu, usiwe tope," Mama Miche akasema. "Na usizifukue tena. Kijizizi kikikatika, kwisha habari yake. Ngoja miezi miwili, pengine mitatu."

"Miezi mitatu! Nitajuaje kama bado zipo?"

"Hutajua."

Jumamosi mti ulikatwa. Mama mkwe alisimama mlangoni, akanusa, akarudi ndani. Hakutoka siku ile wala ya pili. Iliniuma sana.

Mume wangu alihesabu siku. Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa, kidole kimekaribia udongo.

"Naangalia tu," akasema.

"Kwa kidole?"

Akakirudisha mfukoni.

Wiki ya tisa mche wa kwanza ulichomoza. Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa kumi na mmoja. Tulimshika mama mkwe mkono, tukamleta. Akapapasa jani dogo.

"Utachanua lini?"

"Miaka mitano, mama. Labda zaidi," nikamwambia.

Akacheka. "Basi sina ruhusa ya kufa. Wekeni kiti changu hapa."

Miche ilipofika kimo cha goti, tulihamishia mmoja uani, mbali kabisa na ukuta. Mume wangu akachagua mwingine, ule ulionawiri kuliko yote, akaupeleka kwa jirani.

Mama Miche alimtazama juu mpaka chini. "Umeniletea mche, au umekuja kukagua yangu?"

"Nimekuletea. Nilikudhania vibaya, jirani. Nisamehe."

Waliupanda pamoja, upande wake wa ua. Siku hizi mume wangu huamka, humwagilia wetu, kisha huita, "Wako umefika wapi?"

"Umenipita kiuno!" Mama Miche hujibu.

Mume wangu huitikia, "Vizuri," kisha huenda zake kazini. Hajawahi kwenda kuupima.