Foto Ilitangulia Mjomba

Léontine alisema mambo yalikuwa hivi. Marcellin alirudi nyumbani kwake Kabambare juzi jioni, akamkuta mke wake Naomie ameshika simu, anacheka peke yake. Akamnyang'anya ile simu. Wakagombana. Majirani walisikia kelele, kisha wakasikia kimya. Asubuhi ya jana Naomie alikutwa chumbani, amekufa.

"Amemuua na mikono yake," Léontine alisema. Alichukua andazi la moto, akalipuliza. "Kila kitu kinajulikana."

Léontine hakuwa Kabambare. Alikuwa Kasongo, kwenye benchi ya Sifa, kama kila asubuhi. Sifa anakaanga mandazi pembeni ya barabara, karibu na soko. Alikuwa anasikiliza huku anageuza. Sifa si mtu wa maneno mengi. Anaangalia, anangoja.

"Nani amekuambia, yaya?" aliuliza, maana Léontine ni kama dada yake mkubwa.

"Mutu ametuma sauti, odio. Iko mu kundi la simu. Hujafungua simu?"

"Mandazi yangeungua."

"We na mandazi yako! Dunia inaanguka, we unageuza tu!"

Marcellin alikuwa anajulikana na wote. Ni yeye aliyetengeneza ile programu ya simu inayoonyesha bei. Mfanyabiashara wa Kasongo anafungua simu yake, anaona bei ya mchele na mawese ya Kabambare, kabla ya kupakia moto, yaani pikipiki, na kuingia ile barabara ya matope. Redio ilimsifu. Wazazi waliwaambia watoto wao, "Soma uwe kama Marcellin." Sasa polisi walikuwa wamemkamata.

Sifa alipunguza moto wa jiko, akafuta mikono, akafungua simu. Kundi lilikuwa limejaa.

Mmoja aliandika: "Afungwe mpaka aoze."

Mwingine: "Kufunga ni nini? Petroli na kiberiti."

Mwingine: "Wacheni wivu. Mutu mwenye kutusaidia namna hii hawezi kuua."

Mwingine: "Akifungwa, nani atatuwekea bei? Mufikirie biashara."

Mwingine: "Huyo bibi naye alikuwa na kiburi. Tunamujua." Chini yake watu walikuwa wameweka nyuso za kucheka.

Sifa alisoma polepole, kwa sababu shule yake iliishia msingi. Alisoma mpaka mwisho. Aliona jina la Marcellin kila mahali. Jina la Naomie halikuandikwa na mtu.

Kisha akaiona foto. Mtu wa Kabambare aliingia katika kile chumba kabla ya polisi, akamuelekezea maiti simu. Naomie alikuwa sakafuni. Kitenge chake kilikuwa kimepanda juu ya magoti, na hakuna aliyekishusha kwanza.

Sifa na Naomie walikuwa wamekaa benchi moja shuleni. Naomie ndiye alikuwa anamwazima kalamu. Sifa alilia, machozi yakaanguka kwenye unga. Akaona ni vibaya watu wote wanapiga kelele na hakuna anayemlilia rafiki yake. Basi akaiweka ile foto kwenye statu yake. Statu ni kama picha unayoitundika mlangoni: kila mwenye namba yako akipita, anaiona. Chini akaandika: "Naomie dada yangu. Pole sana Mama Emilienne. Muuaji alipe."

Mama Emilienne ndiye mama yake Naomie. Anakaa Kasongo, chini ya parokia, analima mpunga. Habari ilikuwa haijamfikia.

Haikumfikia kwa sababu wazee walitaka hivyo. Katika ukoo wao, mama hapewi habari ya kifo cha mtoto wake na mpita njia. Anangojwa kaka yake kwanza. Kaka akifika, anakaa nyuma ya dada yake, anamshika mabega, ndipo neno linasemwa. Kaka wa Mama Emilienne ni Jean-Marie, mvuvi wa Nyangwe. Wazee walisikia jana jioni, wakatuma mtu wa kumleta.

Ile asubuhi wanawake wa kwaya walikwenda kwa Mama Emilienne na nyungo zao. Walisema wamekuja kumsaidia kupepeta mpunga. Waliimba, wakataniana, mioyo yao imekufa. Walitaka habari ikifika, mikono ya kumshika iwe karibu.

"Leo munanipenda hivi, kuna nini?" Mama Emilienne aliwauliza. "Ngoja niwanunulie mandazi basi."

Akatoa simu. Naomie ndiye alimpa ile simu, wawe wanaonana sura. Mama Emilienne hajui kusoma, lakini picha anaona. Kila asubuhi anafungua statu ya Sifa, maana Sifa anaweka hapo picha ya mandazi yakiwa tayari.

Alifungua.

Esther-Divine alifika kwa Sifa anakimbia, pumba za mpunga kichwani. Ni jirani yao, karani wa tribunal, yaani mahakama, na ni mmoja wa wale wanawake wa kwaya.

"Sifa! Toa ile foto! Toa sasa!"

"Foto gani, mama?"

"Ile uliyoweka. Mama yake ameiona."

Sifa alishika simu, asipate pa kufuta. Esther-Divine akamwonyesha pa kugusa. Foto ikatoka.

"Na Mama Emilienne, iko namna gani sasa?" Sifa aliuliza.

"Alianguka juu ya mpunga. Tumemumwagia maji, amefungua macho, lakini hasemi. Ameshika ile simu kifuani. Tumejaribu kuitoa mikononi, hataki."

"Nilitaka kumulilia Naomie," Sifa alisema. "Nilitaka kumupa mama pole."

"Najua. Lakini pole yako imefika kabla ya mjomba."

Léontine alikuwa bado kwenye benchi. "Ah, mama karani, usimuonee mutoto wa watu. Aliyeua ni Marcellin, si Sifa."

"Ulimuona akiua?"

"Watu wote wanasema!"

"Watu wote wamesikiliza odio moja. Watu mia wakisikiliza odio moja, ni mashahidi wangapi?"

Léontine alitafuna andazi lake.

"Polisi wamemukamata, ndiyo," Esther-Divine aliendelea. "Kukamatwa ni kuulizwa. Kesi inaanza hapo. Muuaji ni yule tribunal imemuhukumu, wamesikia mashahidi na yeye mwenyewe amesikilizwa. Kama hakuua na munamuchoma, yule aliyeua atakuja hapa kununua mandazi, atakaa karibu yako."

"Ndiyo sababu mimi nasema hawezi kuua," mteja mmoja aliingilia. Alikuwa Bakari, mtu wa taksi-moto, ametoka njia ya Kabambare na matope mpaka magotini. "Mutu mwenye akili vile!"

"Na wewe ni vilevile, Bakari. Programu yake ni nzuri, ndiyo. Lakini inaonyesha bei ya mchele. Haionyeshi kilichofanyika mule chumbani. Wanaomupenda na wanaomuchukia, wote wanakata kesi bila kujua kitu."

"Basi tufunge midomo?" Léontine alisimama. "Mama karani, tunajuana hapa. Haki yenu inauzwa kama haya mandazi!"

Esther-Divine hakukasirika. Alikaa kwenye benchi, akavuta pumzi.

"Kuna inayouzwa. Siwezi kukudanganya, nafanya kazi mule. Lakini sikiliza, yaya. Kesi inayouzwa kwa urahisi ni ile isiyo na ushahidi. Watu wamejaza maneno kwenye simu, na kwa mwamuzi hakuna aliyekuja. Na yule aliyeingia kupiga foto, amekanyaga mule ndani, pengine amegusa vitu. Avoka, wakili wa kumutetea, atasema: hamuwezi kujua tena alama ni za nani. Foto imemuvua Naomie nguo, na pengine imemusaidia aliyemuua."

Léontine alikaa tena. Mafuta yalikuwa yanalia kwenye sufuria, hakuna aliyeyaangalia.

Bakari alikuwa anachezesha ufunguo wa moto yake. "Mimi ile jioni nilipita pale kwao," alisema. "Niliona kitu. Ngoja niweke odio, watu wajue..."

"Nyamaza!" Esther-Divine alisema. "Hata mimi usiniambie. Léontine usimwambie kabisa."

"Sasa nimwambie nani?"

"Nenda parquet. Ni ile ofisi inayochunguza makosa na kupeleka watu mbele ya tribunal. Au umuone OPJ, polisi mwenye kupeleleza. Sema ulichoona na macho yako, basi. Ulichosikia kwa watu, useme nimesikia kwa watu. Wataandika. Usitie saini mpaka wamekusomea yote, na ukaona ni maneno yako."

"Na kama naogopa?"

"Waambie unaogopa. Omba usikilizwe peke yako. Unaweza kwenda na avoka, au mutu wa shirika la haki za binadamu. Lakini ukiweka odio, wote watajua sauti yako kabla jua halijashuka. Na aliyeua ataisikia, ajue cha kusema."

Bakari alirudisha simu mfukoni. Aliwasha moto yake, akaenda upande wa ofisi. Alichokisema kule, Sifa hajui mpaka leo. Bakari akiulizwa anasema, "Nunueni mandazi, mukule."

Sifa naye alifanya lililobaki kufanywa. Aliweka sauti yake kwenye kundi: "Ni mimi Sifa wa mandazi. Niliweka foto ya Naomie. Nilikosa. Niliandika muuaji, na mimi sijui muuaji. Nawaomba mufute foto. Musiitume tena." Wengine walimtukana. Wengine walifuta. Léontine alifuta ile odio, huku ananung'unika kwamba watu wa ofisi wanapenda kuamrisha.

Jean-Marie alifika akamkuta dada yake amekwisha kujua. Alikaa nyuma yake, akamshika mabega, lakini hakukuwa na neno la kusema tena.

Kilio kilipokwisha, wanawake wa soko na wa kwaya walipatana. Mtu akifa, hakuna foto ya maiti. Hakuna pole kwenye simu mpaka ukoo umesema. Mwenye kuona jambo aende parquet, na wengine wamsindikize asiende peke yake. Wenye kusimamia kundi la simu walikubali, na mwenye kuvunja anatolewa. Msimu wa mvua, kijana mmoja wa taksi-moto alikufa kwenye barabara ya Kabambare. Simu zilinyamaza. Mama yake alipata habari amekaa chini, kaka yake nyuma yake, akalia mikononi mwa watu.

Kesi ya Marcellin bado iko tribunal. Wanaompenda na wanaomchukia bado wanagombana, lakini Bakari ameitwa tena kusikilizwa, na wengine wawili wa Kabambare wamekuja wenyewe kusema walichoona.

Siku moja Sifa alipata moyo, akaenda kwa Mama Emilienne. Mama alikuwa uani, ungo magotini. Alimpa kiti. Walikaa.

"Mama, nilikukosea," Sifa alisema.

Mama Emilienne aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Jana, ku soko, kijana mumoja amenionyesha simu yake," alisema. "Aliniuliza: Mama, huyu si mutoto wako? Hakuwa na ubaya. Alitaka kujua tu." Alifunga kitenge chake vizuri. "Mwanangu, we unazijua hizi simu. Ile foto, zunguka uitoe kwa watu wote. Kasongo, Kabambare, popote ilipofika. Utanifanyia?"

Sifa aliangalia chini. Pumba zilikuwa zinaruka juu ya miguu yake. Mama Emilienne alingoja, macho yake juu yake.